Rubi mbili zilizoitwa ganeti: uchambuzi wa kisa cha upimaji wa vito Mbeya

Usuli

Kisa hiki kilitokea jijini Mbeya, kwenye ofisi ndogo ya mnunuzi wa vito mwenye leseni. Majina, mtaa, mwaka na bei vimeondolewa. Uzito wa mawe umebadilishwa kidogo ili yasitambulike, lakini hesabu zote zimebaki kama zinavyotoka kwenye mawe ya aina hiyo.

Wahusika ni wanne: mchimbaji mdogo aliyeleta mzigo kutoka upande wa Songea, dalali aliyemfikisha kwa mnunuzi, fundi wa kukata na kung'arisha, na mnunuzi mwenyewe. Mchimbaji alikuwa amempa fundi gramu 9.6 za mawe ghafi mekundu, zote kwa pamoja kwenye karatasi moja. Yakarudi mawe 11 yaliyokatwa. Mawili yalikuwa makubwa, moja la karati 2.36 na jingine la karati 1.90 (karati moja ni gramu 0.2). Tisa yaliyobaki yalikuwa madogo, kati ya karati 0.45 na 0.70. Mzigo mzima uliitwa rubi.

Kwa mawe yanayotoka kwenye changarawe za Ruvuma, neno hilo halitoshi. Changarawe za Tunduru na Songea hubeba mchanganyiko: safaya, rubi, spino, ganeti za aina kadhaa, zirkoni, krisoberili. Rubi ya Songea nayo mara nyingi ina chuma kingi, na wekundu wake huegemea kahawia au zambarau. Chuma hicho hicho huzima mng'ao ambao rubi nyingi za kwingineko hutoa chini ya taa ya urujuanimno, kwa hiyo anayetegemea taa hiyo peke yake hapati jibu. Ganeti inayoitwa rodolaiti ina wekundu wa zambarau unaofanana sana na huo. Ukija kwenye namba, rubi ina vipimo viwili vya mpindo wa mwanga, yaani namba za kiasi mwanga unavyopinda ukiingia kwenye jiwe: 1.762 na 1.770. Rodolaiti ina kimoja, na mara nyingi huangukia karibu na 1.76. Mnunuzi anayesoma kipimo kwa haraka ataona namba ile ile kwa mawe mawili yasiyohusiana kabisa, na ambayo bei zake haziko karibu hata kidogo.

Tofauti inayoyatenganisha vizuri ni kwamba rubi hugawa mwanga na ganeti haigawi.

Mwanga unavyogawanyika

Ndani ya kioo, maji au ganeti, mwanga hupunguza kasi kwa kiwango kimoja bila kujali unatetemea upande gani. Ganeti iko hivyo kwa sababu atomi zake zimepangwa kwa ulinganifu ule ule katika pande zote tatu. Korundamu, ambayo ndiyo madini ya rubi na safaya, ina mhimili mmoja ulio tofauti na pande nyingine. Mwanga ukiingia kwa mshazari au kwa kukata mhimili huo, hugawanyika kuwa miale miwili, kila mmoja ukitetemea upande wake, pembe mraba na mwenzake. Mmoja husafiri ndani ya rubi kwa takriban kilomita 169,400 kwa sekunde, mwingine kwa takriban 170,100. Huo ndio mpindo maradufu.

Mwanasayansi wa Denmark, Erasmus Bartholin, aliueleza mwaka 1669 kwa kutumia fuwele safi za kalsiti kutoka Iceland. Kalsiti ndiyo madini yaliyojenga mawe ya chokaa ya Songwe, jirani kabisa na Mbeya, ila huko chembe zake ni ndogo na zimelala ovyo, hivyo huwezi kuona kitu kupitia ndani yake. Kwenye fuwele safi yenye unene wa sentimita 1, mstari mmoja wa kalamu huonekana miwili, iliyoachana kwa takriban milimita 1.1. Vipimo vya kalsiti ni 1.486 na 1.658, tofauti ya 0.172. Ya rubi ni 0.008 tu. Kwa jiwe la rubi lenye kina cha milimita 4, miale miwili haiachani hata kwa milimita 0.02. Ndiyo maana kutazama rubi kwa kioo cha kukuzia cha mara 10 na kutafuta kingo zinazoonekana mbili-mbili ni kazi ya kukatisha tamaa. Kwenye zirkoni, yenye tofauti inayofika 0.059, kingo hizo zinaonekana wazi. Kwa rubi ndogo zisipoonekana, hujajua lolote.

Njia nyepesi zaidi ni polariskopu: polaroidi mbili, yaani vichujio vinavyopitisha mwanga unaotetemea upande mmoja tu, zilizopishanishwa mpaka zizimane, na jiwe kati yake. Jiwe lisilogawa mwanga hubaki giza. Linalogawa mwanga humulika na kuzima mara nne katika mzunguko mmoja kamili, kwa sababu mwale mmoja unachelewa nyuma ya mwenzake, na miale hiyo ikiungana tena mtetemo umeshageuka kiasi cha kupenya polaroidi ya juu.

Lakini kuna upande mmoja ambao rubi haigawi chochote. Mwanga unaosafiri sambamba na ule mhimili hutetemea pande ambazo zote ni sawa kwa fuwele. Mtu anayetazama kupitia upande huo ataona giza, jiwe hata lizungushwe asubuhi mpaka jioni. Kisa kizima kinaanzia hapo.

Upimaji wa kwanza

Mnunuzi hakuwa na polariskopu ya dukani. Alitengeneza yake kwa kompyuta mpakato ya zamani na kioo cha miwani ya jua ya polaroidi iliyonunuliwa sokoni Mwanjelwa. Hakuna ubaya katika hilo. Skrini za aina ya LCD hutoa mwanga ambao tayari unatetemea upande mmoja. Ukifungua ukurasa mweupe mtupu, skrini inakuwa polaroidi ya chini na taa kwa wakati mmoja. Miwani ndiyo inayohitaji kuhakikishwa, maana mingi inayouzwa kama polaroidi ni plastiki iliyotiwa rangi. Ishike mbele ya skrini na uizungushe: isipofika mahali skrini inazima karibu kabisa, irudishe kwa muuzaji. Miwani hii ilipita.

Mawe mawili makubwa aliyashika kwa kibano, tebo ikimtazama yeye, yaani ule uso mpana wa juu. Akayazungusha polepole. Yote mawili yalibaki giza mwanzo hadi mwisho.

Madogo aliogopa yasidondoke, hivyo akayapanga kwenye kifuniko cha kikopo cha plastiki angavu, akaweka kifuniko juu ya skrini na kukizungusha kizima. Yote tisa yalimulika na kuzima.

Akatoa hukumu: madogo tisa ni rubi, makubwa mawili ni ganeti. Alikuwa tayari kulipia madogo na kurudisha makubwa, ambayo ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya thamani ya mzigo. Mchimbaji alimgeukia fundi pale pale, mbele ya dalali na wateja wengine.

"Fundi, nilikupa rubi, unanirudishia ganeti. Mawe yangu yako wapi?"

"Mzee wangu, mimi ni kama mwanao. Mawe ni yale yale. Naomba yapimwe tena, popote utakapotaka."

Shutuma ya kubadilisha jiwe ndiyo nzito kuliko zote kwenye kazi ya kukata. Fundi hana duka la bidhaa wala mtaji mkubwa. Anachouza ni mikono yake na kuaminiwa kukaa peke yake na mali ya mtu kwa siku kadhaa. Neno likitoka kwamba amebadilisha, wateja wanahama kabla halijathibitishwa.

Maamuzi yaliyofanyika

Uamuzi wa kwanza ulitoka kwa dalali, na ndio ulioliokoa jambo lote: hakuna jiwe litakalotoka ofisini. Makubwa mawili yalifungwa kwenye karatasi moja na madogo tisa kwenye nyingine, yakapimwa uzito mbele ya wote, uzito ukaandikwa juu ya karatasi, na wanne wote wakatia saini kwenye mkunjo. Mchimbaji alitaka kuondoka na makubwa yake. Dalali alimweleza kuwa yakitoka mlangoni, hata yakipimwa kesho na kukutwa rubi, hakuna atakayeamini kuwa ndiyo yale.

Wa pili ulikuwa kumwita mpimaji mwingine, mfanyabiashara wa mji huo huo mwenye refraktomita, yaani kifaa cha kusoma mpindo wa mwanga, na mizani ya kusoma miligramu, ambaye hakuwa na maslahi kwenye mzigo. Kupeleka mawe maabara ya Arusha kulizungumzwa, kukaahirishwa: nauli, ada na siku za kusubiri vingekula sehemu ya mali, na swali la ganeti au rubi linajibika kwa vifaa vilivyokuwepo mjini. Ahirisho hilo lilikuwa sahihi. Maabara ni ya maswali ambayo ofisi haiwezi kuyajibu, na hilo halikuwa mojawapo.

Wa tatu uliombwa na fundi mwenyewe: apewe nafasi ya kueleza alivyoyalaza mawe wakati wa kukata, kabla hayajapimwa. Alisema makubwa mawili aliyakata tebo ikikata mhimili wa fuwele kwa pembe mraba. Yalikuwa vipande bapa, na aliona mistari ya ukuaji yenye umbo la pembe sita kwenye uso mpana, hivyo kulaza tebo hapo kuliokoa uzito na kulitoa wekundu mzuri zaidi. Madogo aliyakata kwa kufuata umbo la kipande tu.

Sababu ya rangi ni hii. Miale miwili ya rubi haifanani: mmoja ni mwekundu wa zambarau, mwingine mwekundu wa rangi ya chungwa. Ukitazama sambamba na mhimili unaona ule wa zambarau peke yake, bila kuchanganywa. Fundi mzuri wa rubi hulaza tebo hivyo akipata nafasi, na maana yake ni kwamba rubi iliyokatwa vizuri ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kubaki giza mtu akiitazama kupitia tebo. Ubora wa kazi ya fundi ulikuwa umesomwa kama ushahidi dhidi yake.

Upimaji wa pili

Ulifanyika kwa kompyuta na miwani ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kushika mawe.

Kifuniko kilichunguzwa kwanza, kikiwa kitupu. Kilipozungushwa kati ya skrini na miwani, kilimulika na kuonyesha michirizi ya rangi, hasa pembeni na pale katikati ambapo plastiki iliingizwa kwenye kalibu. Plastiki iliyopozwa ikiwa chini ya mkazo hugawa mwanga, ingawa si fuwele. Jambo hili limejulikana tangu kazi za David Brewster mwanzoni mwa karne ya 19, na mtu yeyote anaweza kuliona kwa rula angavu ya mwanafunzi. Kwa hiyo kilichokuwa kikimulika siku ya kwanza kilikuwa kifuniko, na mawe yaliyokuwa juu yake yalichukua mwanga huo.

Mawe yakahamishiwa kwenye bilauri fupi ya kioo chembamba, nayo ikipimwa tupu kwanza, kisha ikatiwa mafuta ya kupikia ya kufunika jiwe. Mafuta hupunguza mwakisiko kwenye nyuso nyingi za jiwe lililokatwa. Bila mafuta, nyuso hizo hurusha mwanga huku na huku, na jicho huona vimulimuli visivyo na maana. Msimu ulikuwa wa baridi, na mafuta yalisaidia pia kuzuia ukungu wa pumzi kutanda kwenye jiwe.

Kila jiwe lilitazamwa pande tatu: tebo juu, kisha limelala kwa kiuno, yaani ule ukingo wa pembeni unaolizunguka, kisha limegeuzwa robo mzunguko likiwa bado limelala. Makubwa mawili yalibaki giza tebo ikiwa juu, kama siku ya kwanza. Yalipolazwa kwa kiuno, yalimulika na kuzima mara nne, bila shaka yoyote.

Kati ya madogo tisa, saba yalimulika angalau kwa pande mbili. Mawili yalibaki giza pande zote tatu, yakiwa na madoa ya kijivu yaliyotembea kama kivuli jiwe lilipozungushwa. Madoa hayo huwachanganya wengi. Ganeti nyingi zina mkazo wa ndani unaozifanya zigawe mwanga kidogo, kwa mabaka, ilhali kwa asili hazigawi. Jaribio la kutenganisha ni kugeuza jiwe mpaka liwe na mwanga mwingi kadiri linavyoweza, kulishikilia hapo bila kulitikisa, kisha kugeuza miwani robo mzunguko. Jiwe likizidi kung'aa sana, mwanga wa kwanza ulikuwa wa mkazo. Likibaki vile vile au likififia, linagawa mwanga kweli. Mawili haya yalizidi kung'aa. Kwa mawe mekundu yenye giza, jaribio hili halifai kuachwa lisimame peke yake, na hapa halikuachwa.

Kisha ukatafutwa mhimili wenyewe. Jiwe la karati 2.36 lilishikwa kwa kibano, ncha yake ikiwa ndani ya mafuta na tebo nje, likapanguswa, na tone la glisirini ya duka la dawa likawekwa juu ya tebo. Tone hufanya kazi ya lenzi. Miwani ikiwa imezima skrini, ndani ya tone ulionekana msalaba mweusi uliozungukwa na pete za rangi. Umbo hilo hutokea tu unapotazama sambamba na mhimili wa jiwe linalogawa mwanga na lenye mhimili mmoja. Ganeti haiwezi kulitoa, wala kioo. Kwenye jiwe la karati 1.90 msalaba ulionekana upande mmoja tu, maana tebo ilikuwa imeinama kidogo kutoka pembe mraba. Fundi aliombwa atazame. Alikaa juu ya lile tone muda mrefu kuliko wote.

Refraktomita ilifuata. Tone dogo la maji ya mguso, yanayounganisha jiwe na kioo cha kifaa, si zaidi ya kichwa cha pini (maji hayo ni sumu, hayaguswi kwa kidole), tebo chini juu ya kioo, taa ya manjano ya rangi moja. Hapa kuna jambo ambalo wapimaji wengi hawalitarajii. Kwenye polariskopu, mwanga hupita katikati ya jiwe kutoka chini kwenda juu. Kwenye refraktomita, mwanga unaosomwa hukimbia ukiambaa na uso wa tebo. Tebo ikiwa imekata mhimili kwa pembe mraba, mwanga huo hauwezi kamwe kwenda sambamba na mhimili. Kwa hiyo upande ambao polariskopu ni kipofu kabisa, refraktomita huona tofauti kamili ya miale miwili, na namba hazihami jiwe likizungushwa. Jiwe la karati 2.36 lilisomeka 1.762 na 1.770 katika kila nafasi. Polaroidi ndogo ilipozungushwa juu ya lenzi ya kutazamia, kivuli kiliruka kutoka namba moja hadi nyingine. Jiwe la karati 1.90 lilisomeka 1.770 isiyohama, na namba ya pili ikitembea kidogo sana juu ya 1.762.

Ganeti mbili zilisoma namba moja kila moja, 1.760 na 1.755, bila kuruka.

Mwisho ni mizani. Bika ndogo ya maji iliwekwa juu ya daraja lisilogusa sahani ya mizani, na kikapu cha waya mwembamba kikaning'inizwa ndani. Maji yalitiwa tone la sabuni ili viputo visishike kwenye waya. Jiwe kubwa lilikuwa na gramu 0.472 hewani, na majini likapoteza gramu 0.118. Gawanya: 4.00. Rodolaiti ya uzito huo ingepoteza 0.123. Jiwe la pili, gramu 0.380, lilipoteza 0.095, nalo likatoa 4.00. Kwa madogo, mizani haikusaidia. Ganeti ya karati 0.60, yaani gramu 0.120, hupoteza 0.031, rubi ya uzito huo hupoteza 0.030. Tofauti ni tarakimu moja ya mwisho, na mizani ya miligramu inaweza kukosea kwa kiasi hicho hicho. Mpimaji alisema wazi kuwa kwa madogo uzito hautahesabika, akaacha mpindo useme.

Matokeo

Makubwa mawili na madogo saba yalikubaliwa kuwa korundamu nyekundu. Madogo mawili yalikubaliwa kuwa ganeti na kutengwa. Mnunuzi alilipia makubwa kwa bei ya rubi na kupunguza bei ya mzigo wa madogo. Mchimbaji alimwomba fundi radhi mbele ya watu wale wale waliosikia shutuma, kwa sharti la dalali.

Lilibaki swali la iwapo rubi hizo zilikuwa za asili au za kutengenezwa, ambalo polariskopu haijui kabisa. Rubi ya kuyeyushwa kwa moto, ambayo Auguste Verneuil aliitangaza mwaka 1902, ni korundamu ile ile yenye namba zile zile na mpindo maradufu ule ule. Mawe makubwa yalitazamwa ndani ya mafuta kwa darubini, yakaonekana mistari ya ukuaji iliyonyooka na kukutana kwa pembe. Ile ya Verneuil huwa imepinda. Kuhusu kuchomwa kwa joto ili kuboresha rangi, hakuna aliyejifanya kujua. Risiti iliandikwa "rubi, hali ya kuchomwa haijapimwa". Maneno hayo yalimkera mchimbaji, lakini ni ya haki kwa mnunuzi atakayefuata.

Uchambuzi

Kosa la mnunuzi lisisomwe kama kosa la kifaa cha kienyeji. Skrini na miwani vilionyesha kweli tupu siku zote mbili. Giza lililoonekana lilikuwepo, na mwanga ulioonekana ulikuwepo. Kilichopungua ni kuuliza kila kimoja kinatoka wapi. Polariskopu ya dukani, jiwe likiwa limeshikwa tebo juu, ingetoa giza lile lile.

Majibu mawili ya kifaa hiki hayana uzito sawa. Jiwe lisilo na mabaka likimulika na kuzima mara nne, kwenye chombo kilichopimwa kikiwa kitupu na kubaki giza, limejieleza: linagawa mwanga. Jiwe likibaki giza limesema tu kwamba upande huo haligawi. Linahitaji angalau upande mwingine mmoja, na pande tatu ni bora, kwa sababu jiwe lenye mhimili mmoja lina njia moja ya giza, na yenye mihimili miwili, kama krisoberili, yana njia mbili. Mnunuzi aliyapa majibu yote mawili uzito ule ule, na hukumu ikageuka kichwa chini.

Kifuniko cha plastiki kilileta hasara ya aina nyingine. Bila fundi kulalamika, ganeti mbili zingelipiwa kama rubi, zingeuzwa mbele kama rubi, na zingekuja kumrudia mnunuzi zikiwa na mnunuzi mwingine mwenye hasira. Mkono unaoogopa kudondosha jiwe dogo ni wa kawaida. Kisahani cha kioo kinamaliza hofu hiyo, lakini nacho kipimwe kitupu kabla ya jiwe la kwanza, maana kioo kilichopozwa vibaya kina mkazo vile vile.

Kulikuwa na dikroskopu ofisini, na mnunuzi aliitumia siku ya kwanza kuthibitisha giza: alitazama makubwa kupitia tebo, akaona rangi moja, akaridhika. Hapa ndipo palipohitaji umakini zaidi kuliko pote. Dikroskopu huonyesha rangi mbili za miale miwili, na ukitazama sambamba na mhimili mwale ni mmoja, hivyo rangi ni moja. Vifaa viwili vilivyotazama kupitia dirisha moja vilikubaliana, na kukubaliana kwao hakukuongeza ushahidi hata punje. Kutoka kiunoni, dikroskopu hiyo hiyo ilionyesha zambarau na chungwa. Anayetaka kipimo cha pili kiwe cha pili kweli achague kifaa kinachotuma mwanga njia nyingine, na kwa jiwe lililokatwa, refraktomita inafanya hivyo yenyewe.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote hakikuwa cha macho. Karatasi iliyotiwa saini ilifanya upimaji wa pili uwe na maana. Na maelezo ya fundi, yaliyotolewa kabla ya vipimo, yalitabiri matokeo: tebo giza, kiuno mwanga, namba mbili zisizohama. Angeyatoa baada ya vipimo yangesikika kama kujitetea. Mpimaji yeyote anayeletewa ugomvi wa namna hii amsikilize aliyekata jiwe kwanza, na aandike anachosema.

Kumbukumbu za mawe ghafi ndizo zilizokosekana kabisa. Gramu 9.6 kwenye karatasi moja hazisemi chochote kuhusu kipande kimojakimoja. Mchimbaji alikuwa na vipande sita vilivyobaki kutoka shimo lile lile. Vilizamishwa kwenye mafuta ndani ya bilauri ile ile na kugeuzwa pande zote. Vitano vilimulika, kimoja kilibaki giza kila upande. Hiyo inaonyesha kuwa ganeti zilikuwepo kwenye changarawe hiyo na zingeweza kuingia kwenye mzigo tangu mwanzo. Haithibitishi kuwa hizi mbili ziliingia hivyo, na mpimaji hakukubali kuandika zaidi ya hapo. Kupima vipande ghafi kwa njia hii huchukua kama dakika mbili kwa kipande: mafuta hujaza mikwaruzo ya nje, na mtu huona ndani bila kung'arisha dirisha. Kingepimwa kila kipande hivyo siku fundi alipokabidhiwa mzigo, kikapigwa picha na uzito wake kuandikwa peke yake, asili ya ganeti mbili ingejulikana. Mchimbaji aliendelea kuamini kuwa zilitoka kwa fundi, fundi akaendelea kukana, na mzigo uliofuata alipelekewa fundi mwingine, safari hii kila kipande kikiwa kwenye karatasi yake.